Ruta mpya ya makao makuu haioni mitandao ya matawi kwa RIP, ilhali matawi yanaiona yenyewe

mhasibu_wa_ghala (Tanga)

Habari za kazi, ndugu wataalamu. Naomba niseme mapema kwamba mimi si mtu wa mitandao kwa kusomea. Niliajiriwa kama mhasibu msaidizi katika chama cha ushirika, na kwa kuwa nilikuwa peke yangu niliyeweza kubadilisha wino wa printa bila kumwita fundi, mambo yote ya kompyuta yaliishia mezani kwangu.

Tuna sehemu tatu: makao makuu Tanga mjini, ghala la Muheza na ghala la Korogwe. Mtandao wa ndani wa Tanga ni 172.16.1.0/24, wa Korogwe ni 172.16.2.0/24 na wa Muheza ni 172.16.3.0/24. Kwa miaka mingi kila sehemu ilikuwa na ruta (kifaa kinachoelekeza data kati ya mtandao na mtandao) ya Cisco 2621, na sehemu hizo ziliunganishwa kwa redio zetu wenyewe zilizotumia anwani za 172.16.101.0/24 na 172.16.102.0/24. Ruta hizo zilikuwa zikipashana habari za njia kwa itifaki ya RIP, ambayo aliiweka fundi aliyekuwapo kabla yangu. Sijawahi kuigusa, nayo haikuwahi kunisumbua.

Mwezi uliopita tuliachana na redio tukahamia kwenye nyaya za faiba. Mtoa huduma ametupa viungo viwili vya moja kwa moja, cha Tanga na Korogwe kwa anwani za 10.20.30.0/30, na cha Tanga na Muheza kwa 10.20.30.4/30. Wakati huohuo ruta ya Tanga, ambayo ilikuwa imeanza kujizima yenyewe wakati wa joto, ilibadilishwa ikawekwa mpya ya kampuni nyingine. Ruta za maghala ni zilezile za zamani, na mafundi walizibadilishia anwani za upande wa nje tu, wakaongeza mtandao wa 10.0.0.0 kwenye usanidi wa RIP, wakaondoka.

Tangu siku hiyo kompyuta za maghala hazifungui programu ya stakabadhi iliyomo kwenye seva ya Tanga, 172.16.1.10. Kinachonichanganya ni kwamba nikiingia kwenye ruta ya Korogwe kwa kebo ya konsoli na kutuma pingi (ujumbe mdogo wa kupima kama kifaa kinajibu) kwenda kwenye seva hiyo, inajibu vizuri bila kupotea hata pakiti moja, lakini nikituma pingi hiyohiyo kutoka kwenye kompyuta iliyo mita mbili kutoka kwenye ruta, hakuna jibu. Mtoa huduma ameonyeshwa pingi ya ruta, akasema kiungo chake ni kizima na tatizo ni letu. Naona kama ana haki, ila sijui tatizo letu liko wapi.

Nimeshazima na kuwasha kila kitu, nimebadilisha swichi ya Korogwe na nimezima fayawoli ya seva. Kwa sasa karani wa Muheza ananisomea stakabadhi kwa simu nami naziingiza kwa mkono, na msimu wa machungwa unakaribia.

fundi_wa_zamu

Pole kwa usumbufu. Ruta za Cisco za umri huo hutuma RIP toleo la 1 zisipoambiwa vinginevyo, na baadhi ya ruta za siku hizi hupokea toleo la 2 tu. Ingia kwenye ruta mpya, tafuta mipangilio ya RIP ya intafesi (sehemu za ruta zinazochomekwa nyaya) zinazoelekea maghala, na mahali palipoandikwa toleo la kupokea chagua yote mawili, la 1 na la 2. Hakikisha pia kwamba fayawoli ya ruta hiyo inaruhusu UDP mlango wa 520 kutoka kwenye viungo hivyo viwili, kwa sababu matangazo ya RIP hupita hapo. Ni kazi ya dakika tano.

mzee_wa_konsoli

Ndugu Mhasibu, usibadilishe kitu kwanza. Fundi wa Zamu amegusa mahali penye dalili, lakini nina wasiwasi kwamba dawa aliyoitaja itakuletea ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza, na utakuwa hujui upi ni upi.

Nianze na fumbo la pingi, maana ndilo lililompa mtoa huduma nafasi ya kunawa mikono. Ruta ya Korogwe inapotuma pingi, hutumia anwani ya intafesi ambayo pakiti inatokea, yaani 10.20.30.2. Seva inapojibu, ruta ya Tanga inaifahamu anwani hiyo kwa sababu kiungo cha 10.20.30.0/30 kimechomekwa kwake moja kwa moja, kwa hiyo jibu linarudi bila tabu. Kompyuta ya Korogwe, kwa upande wake, inatuma ikiwa na anwani ya 172.16.2.kitu-fulani. Ombi linafika kwenye seva, seva inajibu, lakini kama ruta ya Tanga haijui mtandao wa 172.16.2.0 uko wapi, inalirusha jibu hilo kwenye njia yake ya chaguo-msingi, yaani ile inayotumika pasipo na njia nyingine, nayo inaelekea kwenye intaneti, na huko anwani za 172.16 hutupwa. Kwa hiyo nadhani safari ya kwenda ni nzima na ya kurudi ndiyo iliyokatika.

Unaweza kuthibitisha bila kuinuka kwenye kiti. Kwenye ruta ya Korogwe andika `ping` peke yake kisha ubonyeze kitufe cha kuingiza. Itakuuliza maswali kadhaa, na ukikubali maswali ya ziada itakuomba anwani ya chanzo. Hapo weka 172.16.2.1. Ikishindwa, tumeshaelewana.

Kisha tuletee mambo matatu: jedwali la njia la Korogwe kwa amri ya `show ip route`, majibu ya `show ip protocols` ya ruta hiyohiyo, na jedwali la njia la ruta mpya ya Tanga pamoja na kile kilichoandikwa kwenye mipangilio yake ya RIP.

mhasibu_wa_ghala

Ahsante sana, Mzee. Pingi yenye chanzo cha 172.16.2.1 imeshindwa kabisa, zote tano. Nimefurahi kuliko mtu anayeona pingi ikishindwa anavyopaswa kufurahi.

Jedwali la Korogwe lina viungo vyake viwili vya moja kwa moja na mstari huu: `R 172.16.1.0/24 [120/1] via 10.20.30.1`. Kwenye `show ip protocols` kuna sentensi inayosema `Default version control: send version 1, receive any version`. Nimefanya vivyo hivyo Muheza, nayo iko vilevile.

Ruta ya Tanga ina viungo vyake vya moja kwa moja na njia ya chaguo-msingi tu. Hakuna 172.16.2.0 wala 172.16.3.0. Kwenye RIP, kutuma kumeandikwa toleo la 2 na kupokea kumeandikwa toleo la 2, na fayawoli tayari inaruhusu mlango wa 520.

mzee_wa_konsoli

Sasa picha imekamilika, na sentensi uliyoinakili ndiyo yenye jibu. Ruta zako za maghala hazikuambiwa zitumie toleo gani, na zikiachwa hivyo hutuma la 1 lakini husikiliza yote mawili. Ruta ya Tanga hutuma la 2 na husikiliza la 2 tu. Ndiyo maana maghala yanaifahamu Tanga na Tanga haiyafahamu maghala. Hata njia ya kutangaza ni tofauti: toleo la 1 hupaza sauti kwa kila kifaa kilicho kwenye kiungo, kwa anwani ya 255.255.255.255, na toleo la 2 huzungumza na ruta zinazolisikiliza tu, kwa anwani ya 224.0.0.9.

Utauliza kwa nini sikutaka ruta ya Tanga iambiwe tu ipokee toleo la 1. Itifaki hii iliandikwa rasmi mwaka 1988 katika waraka wa RFC 1058, ambao kwa kweli uliandika jambo lililokuwa likitumika tayari kwenye mifumo ya Unix ya Berkeley. Enzi hizo anwani ziligawanywa kwa madaraja, na ukiiona namba ya kwanza ulijua mtandao unaishia wapi: 10 ni daraja A, 172.16 ni daraja B, 192.168.1 ni daraja C. Kwa hiyo pakiti ya toleo la 1 haina kabisa nafasi ya kuandika maski ya subneti, yaani ile alama kama /24 inayoonyesha ni sehemu gani ya anwani inayoutaja mtandao. Anayetuma anataja namba ya mtandao, na anayepokea anakisia maski kwa kuitazama intafesi iliyopokea tangazo.

Hapo ndipo unapoona kwa nini kila kitu kilikwenda vizuri miaka yote ya redio. Viungo vyenu vya redio vilikuwa 172.16.101.0 na 172.16.102.0, vyote vikiwa na maski ya /24, na mitandao ya ndani nayo ni 172.16 yenye /24. Ruta ya Tanga iliposikia 172.16.2.0 kupitia intafesi ya 172.16.101.x/24 ilikisia /24, na ikawa sahihi. Fundi aliyewatangulia alijua alichokuwa akifanya, au alikuwa na bahati; vyovyote vile, msimlaumu.

Faiba ilipokuja, viungo vikawa vya 10.20.30.kitu. Ruta ya Korogwe inapotaka kuitangaza 172.16.2.0 kupitia kiungo cha ukoo mwingine kabisa, na haina pa kuandika maski, inafanya jambo pekee linaloruhusiwa na madaraja: inafupisha na kusema "mimi ninayo 172.16.0.0 nzima". Muheza nayo inasema hivyohivyo. Tuseme sasa umemsikiliza Fundi wa Zamu. Tanga ingepokea madai mawili ya umiliki wa shamba moja, tena shamba ambalo yenyewe imo ndani yake. Ruta nyingine huyapuuza madai ya namna hiyo, nyingine hulikubali moja. Hakuna kati ya hayo linalokusaidia.

Dawa ni kuzihamisha ruta za maghala ziende toleo la 2, ambalo kila njia huandikwa pamoja na maski yake. Waraka unaolieleza, RFC 2453, ni wa mwaka 1998, kwa hiyo ruta zako za 2621 zinalijua bila kuongezewa chochote. Ingia kwenye hali ya usanidi, andika `router rip`, kisha `version 2`, halafu utoke. Fanya hivyo Korogwe na Muheza, na Tanga usiiguse.

Jambo moja la subira. RIP hutangaza kila sekunde 30, na njia isiposikika tena hungojewa sekunde 180 kabla ya kuhesabiwa kuwa imekufa. Ukibadilisha kitu usikirudishe kwa kuwa dakika moja imepita bila mabadiliko. Nimewaona watu wakirekebisha tatizo na kuliharibu tena mara tatu kwa asubuhi moja.

fundi_wa_zamu

Nimekubali, Mzee. Sikuiona ile 10 kwenye viungo.

mhasibu_wa_ghala

Nimefanya kama ulivyoelekeza, Mzee, na tumepiga nusu ya hatua. Korogwe inafanya kazi! Karani amefungua programu ya stakabadhi mwenyewe na amenipigia simu kunisomea hewa.

Muheza bado. Nimerudia amri mara mbili, na `show ip protocols` ya Muheza sasa inasema inatuma toleo la 2 na kupokea toleo la 2. Cha ajabu ni kwamba nilipochomoa faiba ya Korogwe ili kuisafisha, baada ya kama nusu dakika Muheza ikaanza kufanya kazi. Nilipoirudisha ya Korogwe, Muheza ikaendelea kupatikana na Korogwe ndiyo ikawa haipatikani. Ni kama watoto wawili na baiskeli moja. Jedwali la Tanga halionyeshi 172.16.2.0 wala 172.16.3.0; linaonyesha njia moja ya RIP, 172.16.0.0/16, na kwa sasa inaelekea 10.20.30.6.

binti_wa_nyaya

Shikamoo Mzee wa Konsoli, na samahani kwa kuingilia. Maelezo yako yote ni sahihi, ila umesahau mstari mmoja, na mstari huo ndio baiskeli anayoisema Mhasibu.

Toleo la 2 lina nafasi ya kuandika maski, lakini kuwa na nafasi si sawa na kuitumia. Kwenye ruta za Cisco, RIP toleo la 2 huendelea na desturi ya zamani ya kufupisha mtandao kila tangazo linapovuka mpaka wa daraja, mpaka ukatazwe kwa jina. Kwa hiyo ruta ya Muheza bado inasema "ninayo 172.16.0.0", tofauti ikiwa kwamba sasa inaandika na /16 kando yake kwa heshima. Tanga, ambayo sasa inaelewana na wote wawili kwa toleo, inaipokea njia hiyo kutoka kwa aliyewahi. Wa pili akileta njia ileile yenye idadi ileile ya miruko (ruta za kupitia njiani), RIP kwa asili yake haina sababu ya kumwacha wa kwanza. Korogwe iliwahi, ikaishika. Ulipochomoa faiba, njia ya Korogwe ikafutwa papo hapo, na tangazo lililofuata la Muheza, ambalo huja ndani ya sekunde 30, likachukua nafasi. Nusu dakika uliyoihesabu ni hiyo.

Kwenye ruta nyingine zinazogawa mzigo kwa njia zilizo sawa ungeona jambo baya zaidi, yaani pakiti moja inakwenda Korogwe na inayofuata Muheza, na pingi inajibu moja ndiyo, moja hapana. Wewe umepata sura yake ya upole.

Kwenye ruta zote mbili za maghala ingia tena `router rip` na uandike `no auto-summary`. Ngoja dakika tano kamili, kwa sababu ile /16 inaweza kubaki kwenye jedwali la Tanga mpaka muda wake uishe, kisha tazama kama kuna mistari miwili ya /24. Ukiona hata mmoja wa /16 umebaki, kuna ruta ambayo hukuigusa.

Ukiwa humo ndani, ongeza mengine mawili ambayo hayahusiani na tatizo lako lakini yatakuepusha na la mwakani. La kwanza ni `passive-interface` kwa intafesi inayoelekea kompyuta za ghala, ili ruta isitangaze njia kwa mashine zisizozihitaji. Angalia tu usiiweke kwenye intafesi ya faiba, maana utakuwa umejifungia nje. La pili ni nenosiri la MD5 kati ya ruta na ruta. Toleo la 1 halina uthibitisho wa aina yoyote, na toleo la 2 lisipowekewa nenosiri humwamini kila anayezungumza, ikiwemo ruta ndogo ya Wi-Fi ambayo karani atainunua siku moja na kuichomeka kinyume. Na kwa kuwa ruta ya Tanga ndiyo yenye intaneti, hakikisha mlango wa UDP 520 umefungwa upande huo. Mwaka 2015 wahalifu walitumia ruta za watu zilizoacha RIP toleo la 1 wazi kwa dunia nzima: unatuma ombi dogo la baiti 24 kwa anwani ya kughushi, na ruta inamjibu mwenye anwani hiyo kwa pakiti ya hadi baiti 504.

mzee_wa_konsoli

Marahaba, binti yangu. Ni kweli, nimesahau. Mimi huandika `version 2` na `no auto-summary` kwa pumzi moja mpaka vidole vimekuwa havijui kwamba ni amri mbili.

mitambo_thika

Kwa atakayesoma uzi huu baadaye akiwa na hali inayokaribia hii, naomba niongeze kisa kimoja cha kutoka kiwandani kwetu Thika. Sisi pia tulihamisha ruta zote kwenda toleo la 2, na zilielewana vyema, lakini mtambo mmoja wa zamani wa kupima mtiririko, ambao kidhibiti chake hujifunza njia kwa kusikiliza RIP, ulipoteza mawasiliano na chumba cha udhibiti. Kidhibiti hicho kinajua toleo la 1 pekee, na kampuni iliyokitengeneza haitoi tena programu mpya. Nilipowasha `debug ip rip` ruta ikaandika kila nusu dakika kwamba imepuuza pakiti ya toleo la 1 kwa sababu toleo hilo halikubaliki.

Si lazima kuurudisha mtandao mzima nyuma kwa ajili ya kifaa kimoja. Toleo linaweza kuamuliwa kwa kila intafesi, kwa hiyo tuliacha `version 2` kwa wote, na kwenye intafesi inayotazama mtambo huo peke yake tukaandika `ip rip send version 1 2` na `ip rip receive version 1 2`. Sharti ni kwamba mitandao ambayo kifaa hicho kinahitaji kuijua iwe ya ukoo mmoja na yenye maski ileile kama kiungo chake, kwa sababu Mzee ameshaeleza kwamba toleo la 1 hukisia. Sisi tulilazimika kubadilisha kiungo kilichokuwa /28 kikawa /24 ili kidhibiti kikisie sawasawa.

Angalizo: ukimaliza na `debug` izime kwa `undebug all`. Ruta za umri huo zina kichakataji kidogo, na nimewahi kuiacha imewashwa wikendi nzima.

njia_iliyonyooka

Nimesoma uzi wote na naona hakuna aliyeuliza swali la wazi: kwa nini kuna RIP hapa? Kuna Tanga katikati na maghala mawili, kila moja likiwa na waya mmoja tu. Faiba ya Korogwe ikikatika hakuna njia nyingine ambayo RIP inaweza kuigundua, kwa hiyo haina kazi zaidi ya kutangaza kila sekunde 30 jambo ambalo halibadiliki. Andika njia mbili za kudumu kwenye ruta ya Tanga, ya 172.16.2.0/24 kupitia 10.20.30.2 na ya 172.16.3.0/24 kupitia 10.20.30.6, na kwenye kila ghala njia moja ya chaguo-msingi inayoelekea Tanga, kisha `no router rip`. Hakuna toleo, hakuna kufupisha, hakuna nenosiri la kusahau.

mzee_wa_konsoli

Kwa mchoro wa leo nakuunga mkono, na kama ningeitwa kuujenga upya ningefanya hivyo. Tahadhari moja kwa ruta za zamani zenye usanidi uliobebwa miaka mingi: kabla ya kutegemea njia ya chaguo-msingi, tazama kama kuna mstari wa `no ip classless`. Ukiwepo, ruta ya Korogwe inaweza kuitupa pakiti inayokwenda 172.16.1.10 badala ya kuipeleka Tanga, kwa hoja kwamba inaufahamu ukoo wa 172.16 na subneti hiyo haimo kwenye jedwali. Ondoa neno `no` na itatulia. Ni mabaki mengine ya enzi ya madaraja.

Nisingemshauri Mhasibu abadilishe leo, hata hivyo. Ana makarani wanaosubiri, na amebakiza amri moja.

mhasibu_wa_ghala

Ndugu zangu, imekuwa. Niliandika `no auto-summary` Korogwe nikiwa hapohapo, kisha nikaenda Muheza na basi la mchana, maana ruta ya huko naifikia kwa konsoli tu. Nilingoja dakika tano kwa saa ya mkononi kama Binti wa Nyaya alivyoagiza, na nilipompigia simu aliyeko Tanga akanisomea mistari miwili, 172.16.2.0/24 kupitia 10.20.30.2 na 172.16.3.0/24 kupitia 10.20.30.6. Ile /16 haipo. Maghala yote mawili yanafungua programu kwa wakati mmoja, na hata yenyewe kwa yenyewe yanaonana kupitia Tanga.

Nimeweka `passive-interface` kwenye upande wa kompyuta, na mlango wa 520 umefungwa upande wa intaneti. Nenosiri la MD5 nitaliweka Jumamosi mchana ghala likiwa limefungwa, kwa sababu ikitokea nimekosea herufi moja sitaki kuwa na foleni ya wakulima nyuma yangu.

Kuhusu njia za kudumu, nimeielewa hoja ya Njia Iliyonyooka na nimekubaliana nayo, isipokuwa uongozi umeniambia jana kwamba mtoa huduma ameahidi kiungo cha tatu kati ya Korogwe na Muheza kabla ya mwisho wa mwaka. Kikija, Tanga itakuwa na njia mbili za kufika kila ghala, kwa hiyo nimeiacha RIP mpaka nione kama ahadi hiyo ina faiba ndani yake.

Nilipokuwa nafunga mlango wa chumba cha ruta Muheza, umeme ulikatika. Nikakumbuka kwamba sikuwa nimehifadhi usanidi. Uliporudi nilikuta `version 2` ipo, kwa kuwa hiyo niliihifadhi wiki iliyopita, lakini `no auto-summary` haipo na ile /16 imerudi. Nimeiandika tena, safari hii nikamalizia na `copy running-config startup-config`, nikakosa basi la saa kumi na moja.